Mlango wa README: kisa cha fulana za Oktoba 2020

Septemba 30, 2020, ilipogonga saa saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki, visiwa vya mashariki kabisa vya Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki, vilikuwa vinaingia Oktoba Mosi. Huku kwetu Septemba ilikuwa bado na nusu siku. Kwa Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba iliyowapa fulana watu wanaochangia programu huria, hilo lilitosha. Kanuni za kampeni hiyo zilihesabu mwezi tangu Oktoba inapoanza katika ukanda wowote wa saa duniani, na watu waliokuwa wakiisubiri hawakungoja jua la kwao lichwe.

Maombi ya mabadiliko yakaanza kumiminika kwenye maghala ya programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote. Mengi yalijiita maboresho ya nyaraka, yaani maelezo ya kuitumia programu. Ukiyafungua, unakuta neno la sifa limebandikwa kwenye kichwa cha faili la README, lile la utambulisho wa mradi, au nukta imehamishwa, au mstari mtupu umeongezwa mwishoni. Domenic Denicola, mmoja wa wahariri wa kiwango cha HTML, ule waraka mkubwa unaoelekeza vivinjari namna ya kusoma kurasa za wavuti, aliandika siku hiyohiyo kwamba yeye na wenzake walikuwa wameshafunga maombi 11 ya takataka katika ghala moja tu. Aliifananisha kampeni nzima na lile shambulio ambalo maelfu ya kompyuta huigonga seva moja kwa pamoja mpaka ielemewe, ila hili, alisema, lina mfadhili.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi, kwa sababu mimi niliingia katika programu huria kwa mlango wa nyaraka. Sikuwa mwandishi mzuri wa msimbo, na hadi leo sijawa. Nilichoweza ni kusoma maelekezo ya kusakinisha kitu, kukwama, na kueleza nilikwama wapi. Mlango huohuo ndio uliovamiwa Oktoba ile, na nataka kueleza ulivyovamiwa, maana watu wengi wanaukumbuka uvamizi kama kituko cha fulana na hapo wanaishia.

Fulana moja, maombi manne

Hacktoberfest ilianzishwa mwaka 2014 na DigitalOcean, kampuni ya Marekani inayokodisha seva. Wazo lilikuwa jema na ninaliheshimu hadi leo. Programu huria zinabeba sehemu kubwa ya intaneti, na nyingi zinatunzwa na watu wachache wasiolipwa, usiku, watoto wakishalala. Basi Oktoba iwe mwezi wa kuwapelekea mkono. Atakayejitokeza atapata fulana. Mwaka 2020 masharti yalikuwa mepesi: ujiandikishe, kisha utume maombi manne ya kuunganisha mabadiliko kwenye maghala ya wazi ya GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya programu huria, kabla ya mwezi kwisha. Watu 70,000 wa kwanza kukamilisha wangepewa fulana au, wakipenda, wapandiwe mti.

Kwa asiyeijua kazi hii, ombi la kuunganisha ni hivi. Mradi una ghala lake ambalo kila mtu anaweza kulisoma lakini wachache tu wanaweza kulibadilisha. Wewe unachukua nakala, unarekebisha unachotaka kwenye nakala yako, kisha unamwomba mtunzaji achukue marekebisho hayo ayaingize kwenye ghala la asili. Yeye anasoma, anauliza, anakurudishia, unarekebisha tena, na mkiridhiana anaunganisha. Ni mazungumzo, na mara nyingi huchukua siku kadhaa.

Sasa litazame neno lililobeba masharti yale: kutuma. Ombi lilihesabiwa likishatumwa. Halikuhitaji kuunganishwa wala kuitikiwa. Ili lisihesabiwe, mtunzaji alipaswa kulibandika lebo kwamba ni batili au ni taka, na akafanya hivyo ndani ya muda uliowekwa. Asipofanya kitu, ombi linapita. Ukiyaweka masharti haya mbele ya mtu yeyote aliyewahi kugawa zawadi kwenye shughuli ya mtaani, atakuambia mapema kitakachotokea.

Kwa nini nyaraka

Mtu anayetaka maombi manne ya chapuchapu hatayapata kwenye msimbo. Miradi mingi ina majaribio yanayojiendesha yenyewe. Ukiharibu kitu, alama nyekundu inatokea kabla binadamu hajatia jicho. Nyaraka hazina mlinzi wa namna hiyo. Sentensi mbovu haiangushi programu. Neno la ziada halivunji chochote. Na faili la README, lile linaloutambulisha mradi, ndilo linaloonekana kwenye ukurasa wa mbele wa ghala likiwa na alama ya kalamu juu yake. Ukibofya kalamu, GitHub inakutengenezea nakala yako, inakufungulia kisanduku cha kuandikia, halafu inakusindikiza mpaka kwenye kitufe cha kutuma. Husakinishi chochote. Huhitaji hata kujua mradi wenyewe unafanya nini.

Wepesi huo uliwekwa kwa nia njema, na umetufaa wengi. Msomaji anayeona kiungo kimekufa hana sababu ya kujifunza amri kumi za Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, ili akirekebishe. Mimi mwenyewe mchango wangu wa kwanza ulipitia kalamu ile.

Kisha ikaja video. Mwalimu mmoja wa India, mwenye chaneli ya YouTube iliyofuatwa na watu laki kadhaa, alirekodi somo la namna ya kushiriki Hacktoberfest. Ili kuonyesha vitufe, alifungua README, akaongeza maneno ya kuusifu mradi, akatuma. Naamini kwake ule ulikuwa mfano wa ubaoni, kama mwalimu wa hesabu anavyoandika moja jumlisha moja. Lakini wanafunzi wengi waliunakili kama ulivyo, neno kwa neno, na kuupeleka kwenye miradi ambayo hawajawahi kuitumia. Ndiyo maana watunzaji wa nchi tofauti, wa programu zisizohusiana hata kidogo, walikuta maneno yaleyale kwenye vichwa vya mafaili yao: mradi mzuri ajabu, mradi mzuri ajabu, mradi mzuri ajabu.

Hapa pana jambo linalouma. Mwaka 2017 GitHub ilifanya uchunguzi mkubwa kwa watu wa programu huria, na asilimia 93 ya waliojibu walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema hawaandiki nyaraka kamwe au huandika kwa nadra. Kwa hiyo uhaba ulijulikana. Watu walikuwa wanalia njaa ya maelezo miaka mitatu kabla ya Oktoba ile. Halafu ghafla mikono maelfu ikafika kwenye nyaraka, na haikuacha chakula.

Mchango wa kweli wa nyaraka unagharimu nini? Nichukue mfano mdogo kabisa, ukurasa wa kusakinisha. Kwanza unatafuta kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa programu hiyo, au unaisafisha ya kwako, kwa sababu kompyuta iliyozoea inaficha makosa: ina maktaba, yaani vipande vya programu vinavyotegemewa na nyingine, ambazo mwandishi alisahau kuzitaja. Kisha unafuata hatua moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa, bila kujisaidia kwa unachokijua. Hatua ya nne inagoma. Unaanza kupekua: je, ni toleo la mfumo wako? Je, amri ilibadilishwa jina na ukurasa haukuguswa? Unakwenda kwenye historia ya mabadiliko, unakuta iligeuzwa miezi minane iliyopita. Unaandika sentensi moja. Unairudia, kwa sababu mtunzaji anataka ifanane na mtindo wa kurasa nyingine. Anakuuliza kama inafanya kazi pia kwenye Windows, nawe huna Windows, unamwomba rafiki. Jioni mbili zimekwenda, na kinachoonekana kwenye rekodi ni maneno kumi na mawili.

Ukiyaweka maneno hayo kumi na mawili karibu na yale matatu ya mradi mzuri ajabu, kwa hesabu ya Hacktoberfest ya mwaka 2020 yalikuwa sawa. Ombi moja, ombi moja. Kipimo kilichohesabu idadi hakikuwa na njia ya kuona jioni mbili.

Na baada ya hapo ombi lenye kichwa cha kuboresha nyaraka likaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mimi niliacha kukitumia kichwa hicho. Nikawa naandika kirefu: hatua ya nne inataja amri iliyoondolewa, hapa kuna amri mpya, nimeijaribu kwenye mfumo huu na huu. Ni desturi nzuri kwa kweli, lakini niliianza kwa sababu ya kushukiwa.

Kimya cha mwenye nyumba

Ombi la takataka hutumwa kwa dakika moja. Kuliondoa kuna hatua zake. Mtunzaji anapata arifa, anafungua ukurasa, anasoma mabadiliko ili ahakikishe kwamba kweli ni taka na si mgeni aliyekosea njia, anafunga ombi, anabandika lebo, anafunga mazungumzo ili mtumaji asiendelee kubishana, kisha, akiwa na moyo, anamripoti kwa GitHub. Wakati huo kila anayefuatilia ghala hilo ameshapata arifa yake, wengi kwa barua pepe. Ghala la kiwango cha HTML lilikuwa na mamia ya wafuatiliaji. Zidisha kwa 11.

Kuna mambo mawili ya GitHub ya wakati ule ambayo wasimuliaji wengi huyaruka, na mimi naona ndiyo yaliyowakatisha watu tamaa. La kwanza, mtunzaji hakuwa na swichi ya kuzima maombi. Orodha ya hitilafu aliweza kuizima; maombi ya kuunganisha kwenye ghala la wazi hakuweza, labda aligandishe ghala zima lisomeke tu. La pili, ombi likishafunguliwa mtunzaji aliweza kulifunga lakini hakuweza kulifuta. Lilibaki kwenye historia ya mradi na namba yake. Mtu akiipitia historia hiyo leo, atakuta Oktoba 2020 imekaa pale kama matope kwenye ukuta.

Lakini kiini cha kisa, kwa maoni yangu, ni kimya. Tazama tena masharti. Mtunzaji asipojibu, ombi linahesabiwa. Yaani kimya chake kilitafsiriwa kuwa ndiyo. Na mtunzaji wa kujitolea hukaa kimya kwa sababu elfu: amesafiri, ana mgonjwa, ana kazi ya mwajiri, amechoka, au ameshaacha mradi bila kutangaza. Kadiri alivyoelemewa ndivyo alivyokuwa kimya zaidi, na kadiri alivyokuwa kimya ndivyo mlango wake ulivyofaa zaidi kwa mtu anayesaka namba. Masharti yale yaliwaelekeza watu moja kwa moja kwa waliochoka kuliko wote. Denicola alilisema hili kwa namna yake: mwenye nia mbaya ataendelea kutuma ghala baada ya ghala mpaka ampate mtunzaji ambaye hatamwekea lebo.

Kwetu mambo hayaendi hivyo. Mgeni anapiga hodi. Asipoitikiwa anapiga ya pili, na ya tatu. Kikiendelea kimya, anaondoka, hata kama anasikia vyombo vinalia ndani. Hakuna anayesema "sikujibiwa, basi nimeruhusiwa". Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Hacktoberfest ilikuwa imewapa watu laki na ushee ramani ya nyumba za wengine bila neno la hodi.

Sifa zao wapewe: waandaaji hawakukaa wakijitetea kwa mwezi mzima. Oktoba 3, siku ya tatu tu ya kampeni, DigitalOcean ilibadilisha masharti katikati ya mchezo. Tangu hapo ghala lilihesabiwa tu kama mtunzaji wake ameweka mwenyewe alama ya mada ya hacktoberfest kuonyesha kwamba anakaribisha wageni. Na ombi lilihesabiwa tu likiunganishwa, au likiidhinishwa, au likipewa lebo maalumu ya kukubaliwa. Denicola alikuwa ametaka kampeni ife kabisa, na nadhani katika hilo alikwenda mbali, ingawa ninaielewa hasira yake. Badiliko la Oktoba 3 liligusa palepale palipooza. Tangu siku hiyo, kimya cha mtunzaji kilimaanisha hapana.

Mwezi huohuo GitHub nayo iliongeza muda wa kizuizi chake cha muda. Awali mtunzaji aliyeelemewa angeweza kuwazuia watu wapya kuandika kwenye ghala lake kwa saa 24 pekee. Sasa akapewa hiari ya siku tatu, wiki, mwezi, hata miezi sita. Ni kitasa kizito zaidi kwenye mlango. Kinasaidia siku ya fujo, ila kinamfungia nje hata yule aliyekuja na maneno kumi na mawili ya maana.

Badiliko lile lilikuwa na gharama yake. Miradi midogo isiyofuatilia habari za kampeni haikuweka alama, kwa hiyo haikupata mgeni yeyote, mbaya wala mwema. Na wasaka namba hawakutoweka wote. Wengine walikimbilia maghala yaliyofunguliwa kwa kazi moja tu ya kupokea majina ya watu, ambayo waandaaji walilazimika kuyaondoa kwenye hesabu. Hata hivyo nikilinganisha, naona lilistahili. Mradi usiopata wageni Oktoba haujapoteza kitu ulichokuwa nacho Septemba.

Miaka iliyofuata fulana zilipungua: 55,000 mwaka 2021, 40,000 mwaka 2022. Mwaka 2023, kampeni ilipofikia awamu yake ya kumi, fulana ziliondolewa na washiriki wakapewa beji za kidijitali. Kanuni ya kukaribishwa kwanza ilibaki.

Lawama iliangukia wapi

Oktoba ile kejeli nyingi ziliwaangukia wanafunzi, hasa wa India. Watu walikusanya maombi yao na kuyaanika Twitter kwa kicheko, majina na picha zikiwa wazi. Nilisoma baadhi ya maneno yale na sikuyapenda. Mengine yalikuwa ubaguzi mtupu uliovaa koti la kulinda programu huria.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, chuo kimefungwa kwa ajili ya korona, anaambiwa na kila mtu kwamba bila michango ya programu huria wasifu wake hautasomwa na mwajiri. Anatafuta namna ya kuanza. Anakuta mwalimu anayeeleza kwa lugha yake, anafuata hatua, anabofya. Kwa macho yake amefanya sawasawa alivyoelekezwa na amekidhi masharti yaliyoandikwa. Hajui kwamba upande wa pili wa kitufe kile kuna mama mmoja au kijana mmoja ambaye simu yake imelia. GitHub haimwonyeshi. Ukurasa wa kampeni haukumwonyesha. Kumtukana ni kumwadhibu mtu wa mwisho kwenye mnyororo kwa sababu ndiye pekee mwenye jina.

Simsafishi kabisa, maana kubandika sifa kwenye kazi usiyoijua ili upewe nguo ni jambo ambalo mtu akikaa dakika mbili atalitilia shaka. Lakini kosa la kwanza na kubwa liko kwa aliyepanga hesabu, na la pili liko kwetu tunaofundisha.

Ushahidi kwamba fulana haikuwa mzizi wenyewe ulikuja baadaye. Mapema mwaka 2024 ghala la Express, programu huria inayotumika sana kujengea seva za wavuti kwa lugha ya JavaScript, lilifurikwa na maombi ya watu wanaoongeza majina yao kwenye README. Haikuwa Oktoba. Hapakuwa na fulana, beji wala mti. Chanzo kilikuwa tena somo la video kuhusu Git, lililotumia ghala lile kama mfano wa mahali pa kubofya. Wanafunzi walifanya walichoona kikifanywa.

Kwa hiyo ninapomwona mwalimu anafungua ghala halisi la watu ili aonyeshe kitufe, moyo wangu unaruka. Maghala ya mazoezi yapo. First Contributions, kwa mfano, lilitengenezwa mahsusi kwa mtu kuongeza jina lake kwenye orodha na kujifunza safari nzima, na wenyewe wanakungoja ufike. Au mwalimu afungue ghala lake mwenyewe, wanafunzi wamtumie yeye maombi, naye apokee arifa mia tatu kwenye simu yake. Hiyo peke yake ingekuwa somo.

Ukubwa wa bando

Mwaka ule nilikuwa na vijana wanane tuliokutana Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha duka la rafiki yangu, Morogoro. Watatu kati yao walikuwa wamejiandikisha Hacktoberfest kabla hata sijawaambia kitu. Mmoja, binti aliyekuwa anasomea uhasibu, alikuwa ameshatuma ombi moja: aliongeza neno la shukrani kwenye README la maktaba ya kuchora chati. Lilifungwa usiku uleule na kupewa lebo ya taka. Alinionyesha akiwa ameinamisha uso, akaniuliza kama jina lake limeharibika duniani.

Sikumpa hotuba. Nilimuuliza tu: programu gani umeitumia wiki hii ikakusumbua? Akasema ipo moja ya takwimu, aliyoelekezwa na mwalimu wake. Alifuata maelekezo ya kusakinisha, akaacha inapakua, aliporudi bando lake la gigabaiti moja lilikuwa limekwisha na programu haijaingia. Akanunua jingine, likaisha tena. Ukurasa wa maelekezo ulisema neno moja tu, pakua, bila kutaja ukubwa.

Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja aliwahi kukutwa na hilo.

Tulikaa juu ya jambo hilo Jumamosi tatu. Ya kwanza tulipima: kifurushi chenyewe, pamoja na maktaba zinazofuata nyuma yake, kilizidi gigabaiti moja na nusu. Binti akagundua kwamba kulikuwa na njia nyingine, imeandikwa kwenye ukurasa wa ndani kabisa, ya kusakinisha sehemu ndogo tu inayomtosha anayeanza. Tukaipima nayo, haikufika hata megabaiti mia mbili. Jumamosi ya pili aliandika. Kabla ya kutuma ombi, alifungua mjadala kwenye orodha ya hitilafu za mradi, akaeleza kwamba kwa watu wanaolipia data kwa kiasi, ukubwa wa kupakua ni taarifa ya lazima, na akauliza kama watunzaji wangependa uandikwe. Hiyo ndiyo hodi yake. Alijibiwa baada ya siku nne. Mtunzaji alisema hajawahi kulifikiria, na kwamba ndiyo, karibu.

Jumamosi ya tatu ombi likaenda. Lilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu aliandika ukubwa kama namba kamili, nayo ingepitwa na wakati kila toleo jipya likitoka; akaibadilisha kuwa makadirio, na akaongeza amri ya kuangalia ukubwa kabla ya kupakua. Mara ya pili kwa sababu ya jedwali lililopinda. Mradi ule haukuwa umeweka alama ya hacktoberfest, kwa hiyo hata ulipoliunganisha ombi lake, wiki ya kwanza ya Novemba, halikuhesabiwa kokote. Fulana hakupata.

Mwaka uliofuata nilikuwa nasoma ukurasa ule kwa shughuli zangu. Makadirio yake yalikuwa yamesahihishwa na mtu mwingine, kwa sababu toleo jipya lilikuwa limenenepa. Chini yake mtu wa tatu alikuwa ameongeza maelezo ya namna ya kupakua mara moja kwenye kompyuta moja na kuhamishia kwenye nyingine kwa fleshi, kwa shule zenye mtandao dhaifu. Nilimtumia kiungo. Alijibu akiuliza kama amri ya fleshi nimeijaribu, maana kwake ilikuwa imegoma kwenye hatua ya tatu.